Nimonia ya Kupaliwa: Yapi Kweli, Yapi si Kweli?

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu zake humpikia uji, humwekea mto mgongoni na kuanza kumlisha. Wanamlisha kwa mapenzi, ila nani amewaeleza jinsi ya kutambua kwamba uji unaelekea mapafuni? Mengi wanayoyashika wameyasikia tu, na baadhi yanadhuru.

“Hakohoi akila, basi anameza vizuri.”
Si kweli, na kwangu huu ndio uzushi mbaya kuliko yote. Kiharusi na ugonjwa wa Parkinson vinaweza kuua hisia za koo, hivyo chakula kikapita kwenye nyuzi za sauti na kuingia njia ya hewa bila mgonjwa hata kupepesa jicho. Huko ni kupaliwa kimyakimya. Kwa hiyo usisubiri kikohozi. Baada ya kijiko, mwambie aseme “aaa”: je, sauti imelowa, kama ya mtu mwenye maji kooni? Je, anahema haraka kuliko alipoanza kula? Uji umebaki shavuni, upande uliopooza? Homa zinazorudirudi nazo zipelekwe kwa daktari. Zisiitwe malaria kwa mazoea.

“Ukimgusa koo akataka kutapika, koo lake ni zima.”
Si kweli. Wapo wazima wasio na mwitiko huo, na wapo walio nao wanaopaliwa kila siku.

“Anayepaliwa lazima apate nimonia.”
Si kweli. Hata wenye afya njema hupaliwa mate kidogo usingizini, na mapafu hujisafisha. Hatari inategemea kilichoingia, wingi wake, na nguvu ya mwili wa mhusika. Mwaka 1998, Susan Langmore na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa muda mrefu. Shida ya kumeza peke yake haikutosha kutabiri nimonia. Viashiria vizito vilikuwa kulishwa na mtu mwingine, kutegemea mwingine kusafishwa kinywa, meno yaliyooza, mpira wa kulishia, dawa nyingi, maradhi zaidi ya moja na sigara.

Ndiyo maana anayepima hatari bila kumfungua mgonjwa kinywa amepima nusu. Humo utakuta utando mzito juu ya ulimi, ugali wa mchana umeganda kwenye fizi, meno bandia yaliyolala mdomoni usiku kucha. Mate yanayopita hapo hubeba bakteria kwenda nayo kifuani. Nchini Japani, utafiti wa Takeyoshi Yoneyama uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba wazee katika nyumba za kulelea waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Kinachohitajika ni mswaki laini, kitambaa safi, na mtu wa kukumbuka.

“Akiwekewa mpira wa puani, hatari imekwisha.”
Si kweli. Mpira humpatia lishe na dawa asiyeweza kumeza, na kwa hilo ni msaada mkubwa. Lakini mate bado yanashuka, na chakula huweza kupanda kutoka tumboni. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kumlisha, na asilazwe chali mara baada ya hapo. Kinywa chake kisafishwe vilevile, hata kama hakipitishi chakula.

“Kinywaji kizito ni salama kwa kila mwenye shida ya kumeza.”
Inategemea mgonjwa. Uzito huwasaidia baadhi, lakini wengine hubakiwa nacho kooni, au hukichukia wakanywa kidogo hadi mwili ukakaukiwa maji. JoAnne Robbins na wenzake walifuatilia wagonjwa 515 wenye Parkinson au dimenshia kwa miezi 3. Ripoti yao ya 2008 haikuonyesha tofauti ya uhakika ya nimonia kati ya waliopewa vinywaji vizito na waliokunywa vyepesi huku wameinamisha kidevu.

“Apimwe kabla ya kumeza chochote, hata kidonge.”
Kweli kabisa, na kipimo kirudiwe. Wagonjwa wengi wa kiharusi hurejewa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki za mwanzo. Ukiondoka wodini na mgonjwa mwenye mpira, omba uandikiwe tarehe ya kurudi kupimwa tena na jina la kliniki itakayompima.