Vibonyezo 61, 76 au 88? Hesabu ya mnunuzi wa kinanda Kanda ya Kati

Mfanyabiashara wa Dodoma anayetaka kuingiza fedha zake katika kinanda cha staili, kiwe cha kuuza, cha kukodisha au cha kupigia mwenyewe kwenye sherehe, ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla ya kupanda basi au treni kwenda Kariakoo: achukue chenye vibonyezo vingapi. Akikosea hapo, ama mtaji wake utalala dukani, ama atabeba mzigo ambao hakuna mteja anayemlipia.

Kinanda cha staili ni kile kinachopiga chenyewe ngoma, besi na gitaa kwa kufuata sauti zinazoshikwa na mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukipiga wimbo. Kwa maneno mengine, mtu mmoja hufanya kazi ya bendi. Ndiyo sababu kimepata nafasi kubwa kwenye harusi, sendofu, mikutano na makanisa ambayo hayana uwezo wa kuwa na wapigaji watano.

Mahitaji hayo yana msingi katika Kanda ya Kati. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza kufika mwaka 2024. Kila mwaka Bunge la bajeti huleta wageni kuanzia Aprili hadi Juni, na mara baada yake huingia msimu wa mavuno, ambapo familia na sharika za vijijini huwa na fedha mkononi. Kinyume chake, Kwaresima na Ramadhani ni miezi ya biashara baridi kwa wapiga sherehe. Mwenye kinanda asipange marejesho ya mkopo wake kana kwamba kila mwezi ni Julai.

SOKO LINATOA NINI

Ukubwa unaokutwa zaidi ni wa vibonyezo 61, sawa na oktavu tano kamili, yaani doh hadi doh mara tano. Kipimo hicho si kigeni kwa wapiga vinanda vya kanisa. Hata Hammond B-3 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, ilikuwa na safu mbili za vibonyezo 61 kila moja. Cha pili ni vibonyezo 76, chenye oktavu sita na ziada. Cha tatu ni 88, ukubwa wa piano kamili.

Watengenezaji wenyewe wameonyesha wanakoegemea. Yamaha PSR-SX900 ya mwaka 2019 na PSR-SX920 ya mwaka 2024, ambazo ni vinanda vya wapigaji wa kulipwa, zote zina vibonyezo 61. Korg Pa700 na Pa1000 ni 61 vilevile. Kwa wapigaji wa taarabu na muziki wenye ladha ya Kiarabu, Yamaha PSR-A3000 na PSR-A5000 nazo ni 61.

Hata hivyo, kwenye daraja la juu hali ni tofauti. Yamaha Tyros5 ya mwaka 2013 ilitolewa kwa ukubwa wa aina mbili, 61 na 76, lakini Genos iliyofuata mwaka 2017 ikatolewa kwa 76 pekee. Korg Pa5X inapatikana kwa 61, 76 na 88. Wakati huohuo, vibonyezo 76 vimeshuka hadi daraja la wanafunzi kupitia safu ya PSR-EW.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanaweza kuteleza. PSR-EW310 yenye vibonyezo 76 ni kinanda cha mwanafunzi. PSR-SX920 yenye 61 ni kinanda cha kazi. Idadi ya vibonyezo haielezi ubora wa sauti, wingi wa staili wala uimara. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba 76 ni "bora" kuliko 61 bila kutaja daraja la kinanda anamuuzia urefu.

MIKONO MIWILI INAGAWANAJE

Ili kujua kama vibonyezo vya ziada vina faida, ni lazima kutazama mpaka unaotenganisha mikono. Katika vinanda vingi vya Yamaha, mpaka huo kama ulivyowekwa kiwandani uko kwenye kibonyezo cha 19 kutoka kushoto, kwa kinanda cha 61. Kwa hiyo mkono wa kushoto una vibonyezo 19 vya kuongoza staili, na wa kulia unabaki na 42, yaani oktavu tatu na nusu.

Kwa kinanda cha 76, sauti ileile ya mpaka huacha vibonyezo 27 kushoto na 49 kulia. Kwa maana hiyo, vibonyezo 15 anavyolipia mnunuzi havimwendei mkono mmoja: vinane vinakwenda chini na saba vinakwenda juu. Kwa 88, kushoto huwa 34 na kulia 54.

Mpigaji anayeshika staili kwa kushoto na kupiga wimbo kwa kulia mara chache hufika mwisho wa vile 42. Sauti za kwaya, kuanzia besi ya chini hadi soprano ya juu, zote zinaingia ndani ya vibonyezo 61 bila kubanwa. Wimbo ukiwa mzito kwa waimbaji, kuna swichi ya kuhamisha doh. Sauti ikihitajika juu au chini zaidi, kuna swichi ya oktavu.

Anayebanwa ni mpigaji wa aina nyingine. Wa kwanza ni yule anayezima staili na kupiga besi mwenyewe kwa kushoto. Kibonyezo cha mwisho chini katika kinanda cha 76 cha kawaida ni sauti ileile ya uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne. Kwenye 61 sauti hiyo haipo mpaka oktavu ishushwe kwa swichi. Wa pili ni yule anayegawa mkono wa kulia mara mbili, sehemu moja tarumbeta na nyingine vinubi au sauti za watu. Vibonyezo 42 vikigawanywa, kila sauti hubaki na oktavu mbili kasoro. Wa tatu ni mpigaji wa piano anayesindikiza mwimbaji peke yake kwa mikono yote miwili. Hao watatu wana sababu ya kulipia 76.

Wapigaji wa Kanda ya Kati hawahitaji kufundishwa kwamba chombo hufuata kazi. Ilimba ya Wagogo, inayopigwa kwa vidole gumba, hutengenezwa ndogo na hutengenezwa kubwa. Hayati Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alisikika duniani kwa ilimba kubwa zenye vibao vingi kwa sababu muziki wake ulizijaza. Anayepiga nyimbo za vibao vichache hapati chochote kwa kubeba kubwa.

UZITO NA BARABARA

Jambo ambalo bei ya dukani haionyeshi ni usafiri. PSR-E373 ina vibonyezo 61 na uzito usiofika kilo 5. PSR-SX900 ina kilo 11 na nusu. Genos ya vibonyezo 76 ina kilo 13. DGX-670 ya vibonyezo 88, vyenye uzito wa piano, inazidi kilo 20 kabla ya stendi na ina urefu wa karibu mita 1 na sentimita 40.

Kinanda cha 61 kina urefu wa takriban mita moja. Huingia kwenye bajaji, huwekwa kwenye basi la Kondoa au Mpwapwa chini ya uangalizi wa mwenyewe, na hubebwa na mtu mmoja hadi jukwaani. Cha 88 kinataka watu wawili na kirikuu. Kwa anayepiga sherehe nje ya mji, tofauti hiyo hulipwa kila safari.

Vumbi nalo lina gharama. Chini ya kila kibonyezo kuna mpira wenye ncha za kugusia, na vumbi likiingia hapo kibonyezo hukwama au hukosa sauti. Mfuko mzuri na kitambaa cha kufunikia ni sehemu ya bei ya kinanda. Aidha, kwa kazi za vijiji visivyo na umeme wa uhakika, uwezo wa kutumia betri, ambao safu ya PSR-E inao, unaweza kuwa na thamani kuliko vibonyezo 15 vya ziada.

HESABU YA MWEKEZAJI

Uchukuliwe mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Tuseme kinanda cha 76 kimezidi cha 61 cha daraja lilelile kwa shilingi 600,000, na usafiri wake umezidi kwa shilingi 10,000 kila sherehe. Kama wateja wanalipa ada ileile kwa vinanda vyote viwili, baada ya sherehe 30 mwenye 76 atakuwa ametumia shilingi 900,000 zaidi, na hakuna siku fedha hiyo itarudi.

Kama ada yake inapanda kwa shilingi 20,000, faida halisi ni 10,000, naye atahitaji sherehe 60 ili kurudisha tofauti. Kwa sherehe mbili kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili na nusu. Swali la mwekezaji basi ni moja: je, mteja analipa zaidi kwa sababu ya vibonyezo hivyo? Bwana harusi husikia sauti na spika, hahesabu vibonyezo.

Kwa hesabu hiyo, mwenye mtaji mdogo anayekodisha au kupiga sherehe anashauriwa kuanza na 61 cha daraja la juu kadiri fedha inavyoruhusu, na ziada aiweke kwenye spika na mfuko. Mpigaji wa hoteli au ukumbi mmoja, na kanisa lenye mpigaji aliyesoma piano, wanaweza kwenda 76. Shule za muziki na kumbi ambazo kinanda hakitoki ndani ndizo zenye haja ya 88.

Kwa mwenye duka, shehena ya kwanza iwe na 61 kwa wingi, 76 vichache, na 88 kwa oda iliyolipiwa malipo ya awali. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi abonyeze kila kibonyezo kimoja kimoja, kwa nguvu na kwa upole, ahakikishe vibonyezo ni vya upana kamili na si vile vidogo vya watoto, kisha aombe adapta ya asili. Kinanda cha 61 kinachoitika vibonyezo vyote 61 kina thamani kuliko cha 76 chenye vitatu vilivyokufa.