Volyumu Ikishuka, Biti Huenda Wapi?

Diski ya CD iliingia madukani nchini Japani Oktoba 1982, ikiwa na biti 16 kwa kila kipimo cha sauti, yaani ngazi 65,536. Hofu ya wapenzi wengi wa muziki kuhusu volyumu ya kidijitali imezaliwa na hesabu hiyo. Kila desibeli 6 zinazopunguzwa hula biti moja. Punguza desibeli 36, zimeondoka biti 6, zimebaki ngazi 1,024.

Hesabu ni sahihi, ila kwa mashine inayofanya kazi kwa biti 16 tangu mwanzo hadi mwisho. Vigeuzi vingi vya leo, yaani vifaa vinavyogeuza namba za kidijitali kuwa mawimbi ya umeme, huiweka namba ya biti 16 ndani ya nafasi ya biti 24 au 32, na pale chini panapobaki pakajazwa sifuri. Volyumu inaposhuka, muziki huteremkia kwenye nafasi hizo tupu. Biti 8 za akiba ni sawa na desibeli 48 za kupunguza kabla muziki wa CD haujaanza kukatwa.

Na mabaki ya hesabu, yaani tarakimu zisizotoshea kwenye biti zilizopo, je? Yakikatwa tu, huzaa mkwaruzo unaofuata muziki. Stanley Lipshitz na John Vanderkooy wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha miaka ya 1980 kwamba kelele ndogo ya nasibu ikichanganywa kabla ya kukata, mkwaruzo hugeuka mvumo laini usiobadilika, na sauti iliyo ndogo kuliko ngazi ya mwisho bado husikika ndani yake.

Wanaotetea volyumu ya analogi wana hoja moja nzito, nayo haihusu biti. Saketi inayotoka kwenye kigeuzi ina kelele yake, na volyumu ya kidijitali haiigusi. Chukua kigeuzi chenye pengo la desibeli 120 kati ya sauti yake kubwa kabisa na kelele hiyo. Muziki ukishushwa kwa desibeli 40, kelele haisogei. Pengo limebaki 80. Kidhibiti cha analogi kilicho baada ya kigeuzi hushusha vyote viwili, muziki na kelele.

Lakini kelele hiyo ina ukubwa gani chumbani? Ikiwa volyumu kamili hutoa desibeli 105 kwenye kiti cha msikilizaji, kelele iko desibeli 15 chini ya sifuri, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki. Kidhibiti cha analogi nacho kina dosari zake: kikiwa chini kabisa, spika ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani, na mwimbaji husogea upande mmoja.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni amplifaya inayokuza kupita kiasi, hasa kwenye spika zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Muziki usimamishwe, amplifaya iachwe ikiwaka, sikio lisogezwe karibu na spika ndogo ya sauti nyembamba. Mvumo ukisikika hadi kwenye kochi, swichi ya ukuzaji ya amplifaya ishushwe ikiwa ipo, kisha volyumu ya kigeuzi ipandishwe kufidia.