Nyumba iliyoliachia jiwe nafasi yake

Kwetu Bukavu mtu akinunua parseli mlimani, kazi ya kwanza ni sururu na mtarimbo. Tunaukata mlima mpaka tupate uwanja ulio sawa, ndipo tunamwita fundi. Leo nawapeleka mbali, Marekani, kwenye nyumba ya jangwani ambayo mwenyewe alifanya kinyume.

Nyumba hiyo iko Palm Springs, California, chini ya milima ya San Jacinto. Mvua huko ni kidogo sana, na wakati wa joto digrii 40 ni jambo la kawaida. Matajiri na watu wa sinema walizoea kwenda kupumzika huko. Aliyeijenga ni Albert Frey, msanifu wa nyumba aliyezaliwa Zurich, Uswisi, mwaka 1903. Alijijengea mwenyewe, juu ya mji, kwenye mteremko uliojaa mawe.

Hakuharakisha. Inasimuliwa kwamba alisimika nguzo pale, akafuata mwendo wa jua mwaka mzima: kivuli kinaangukia wapi wakati wa baridi, wapi wakati wa joto. Kisha akajenga, na mwaka 1964 nyumba ikawa tayari.

Pale uwanjani palikuwa na jiwe kubwa sana. Fundi wa kwetu angesema livunjwe. Frey aliliacha. Jiwe linatoka mlimani, linapita ukuta wa vioo na kuingia ndani, likatenga kitanda na sebule. Kioo kilikatwa kufuata umbo la jiwe, kila kona na kila kibonde. Swichi ya taa imepachikwa juu ya jiwe lenyewe! Paa ni la mabati yenye mawimbi, jamaa ya haya yetu, nalo linashuka jinsi mlima unavyoshuka, likitoka nje kuwapa vioo kivuli. Mapazia ni ya manjano kwa sababu kuna kichaka cha jangwani kinachochanua rangi hiyo karibu na nyumba. Ukiwa mbali, ni vigumu kujua mlima unaishia wapi.

Mimi nilidhani nyumba ya tajiri lazima iwe kubwa. Hii ilipojengwa ilikuwa na meta za mraba 74 hivi tu. Frey aliishi humo mpaka kufa kwake mwaka 1998, akaiachia jumba la sanaa la mji huo.

Sitaki kumsifu kupita kiasi. Alikuwa na bwawa la kuogelea jangwani, na bonde lile linaletewa maji kutoka mto Colorado. Tena si yeye aliyeanza kuishi kwa kuielewa ardhi ile. Wenyeji wake, Wacahuilla, walikuwa wakijenga nyumba zao kwa miti na majani ya mitende ya hapohapo, karne nyingi kabla Frey hajafika.

Lakini lile jiwe limenikaa rohoni, na nitawaambia sababu.

Tulipojenga sisi, parseli yetu ilikuwa na mawe mawili makubwa. La juu lilikuwa mahali tulipotaka jikoni. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, hilo ndilo linashika udongo." Hakuna aliyemsikiliza, hata mimi mwenye diploma. Wamama wavunja mawe walilimaliza kwa majuma matatu, tukapata kokoto nyingi, tukafurahi. Mvua ya mwezi wa tatu ilipokuja, udongo uliteremka usiku ukaangusha ukuta wa jikoni. Watoto walikuwa wamelala upande wa pili. Nikikumbuka masufuria yale chini ya matope, bado mwili unasisimka.

Frey aliitazama ardhi mwaka mzima. Sisi hatukungoja hata mvua moja ipite tujue maji yanapita wapi. Na katika kartiye zetu, ni nani anayejua maji yanapita wapi, jua la saa nane linachoma ukuta gani, moshi unarudi upande gani? Ni mama, anayeshinda pale. Hata hivyo baba na fundi wakikaa kuchora ramani, mama huitwa kuleta chai. Wamama, mkiona ramani inachorwa, leteni chai, kisha mkae. Ulizeni: maji ya paa yataenda wapi? Kwa jirani wa chini? Mti huu unakatwa kwa nini?

Baada ya ule ukuta tulipanda mianzi juu ya nyumba na kuchimba mfereji. Jiwe la pili bado lipo. Asubuhi naanika nguo juu yake, jioni watoto wanalikalia wakifanya kazi za shule. Mwezi uliopita fundi alikuja kupima choo kipya, akalizunguka mara mbili, akauliza kama tuna nyundo kubwa. Baba watoto ndiye aliyejibu kabla yangu: "Choo kitahamia upande mwingine."