Umri wa Mkebe wa Rangi

Penseli ya rangi haipigwi mhuri wa mwaka. Kiwanda huandika jina lake, jina la aina, namba ya rangi na nchi, basi. Anayekusanya seti za zamani hana budi kuutafuta umri kwa njia za pembeni, na katika kazi hiyo mtu wa Kalemie, Kongo, ana bahati kuliko mwenzake wa Paris. Mji wetu umebadilishwa jina, nchi imebadilishwa jina zaidi ya mara moja, na hela imebadilika kuliko vyote viwili. Kila duka lililobandika bei kwenye boksi la kreyo liliacha ushahidi bila kukusudia.

Basi kabla ya kufungua mkebe, ugeuze. Tazama upande wa chini, na pembeni pia, kama pana kibandiko cha duka au bei iliyoandikwa kwa mkono. Faranga za enzi ya Wabelgiji na za miaka ya kwanza ya uhuru ziliishia Juni 1967, ilipoletwa zaire, moja kwa faranga elfu. Ukiona Z au K, yaani zaire na makuta, uko kati ya 1967 na 1993. Hata hapo unaweza kubana zaidi. Zaire ilipoanza ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani, kwa hiyo bei ya makuta kwenye boksi la penseli ni ya miaka ya mwanzo. Baadaye makuta hayakununua hata kiberiti. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, NZ, moja kwa zile za zamani milioni tatu, nayo ikadumu mpaka 1998 faranga iliporudi. Boksi lenye bei ya NZ ni adimu, nami ningelichukua hata likiwa limechanika. Katika miaka ile mitano nani alikuwa akinunua rangi za kuchorea?

Jina la mji lina kazi ileile. Kibandiko cha Albertville, yaani Kalemie ya leo, ni cha kabla ya 1966, na cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, vilevile. Cha Usumbura ni cha kabla ya Burundi kupata uhuru mwaka 1962. Wala usishangae ukikuta jina la duka la Dar es Salaam au Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, reli yetu kutoka Kabalo ikafika hapa 1915, na kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mkebe wa rangi wa mtoto wa karani wa reli ungeweza kushuka melini Dar, ukapanda treni, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika.

Ila kibandiko kinasema siku ya kuuzwa, hakisemi siku ya kutengenezwa. Bidhaa isiyoharibika huweza kulala rafuni miaka mingi. Umri wa penseli zenyewe utafute kwenye maandishi ya kiwanda, na hapo Wajerumani wanasaidia sana, kwa sababu nchi yao nayo ilivunjwa ikaunganishwa. Maneno "U.S. Zone" ni ya baada ya vita, 1945 hadi 1949. "Western Germany" ni ya baada ya hapo mpaka 1990, "G.D.R." ni ya upande wa mashariki wa miaka hiyohiyo. Polychromos za A.W. Faber zilitoka mwaka 1908 zikiwa na rangi 60, kwa hiyo anayekuuzia seti ya Polychromos "ya 1890" mwache aende zake. Caran d'Ache ya Geneva ilichukua jina hilo mwaka 1924, ikatoa Prismalo, penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji, mwaka 1931. Kiwanda kikahamia Thônex mwaka 1974. Ukikuta msimbo pau, ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine, ujue Ulaya ilianza kuutumia mwaka 1977.

Mitego ipo. Jina Johann Faber lilimezwa na A.W. Faber wakati wa Vita vya Pili, na wengi hudhani kila penseli yenye jina hilo ni ya kabla yake. Lakini kiwanda cha Brazili kiliendelea kulitumia kwa miaka mingi. Picha ya A.W. Faber ya wapanda farasi wawili wanaopigana kwa penseli badala ya mikuki ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, ila kampuni iliirudisha miaka ya 1990. Picha peke yake haitoshi kuwa shahidi.

Mimi napenda zaidi ushahidi wa mti. Chonga kidogo sana, au afadhali tazama kichwa cha penseli kisichopakwa rangi. Penseli bora za zamani zilitengenezwa kwa mwerezi, mti mwekundu wenye harufu tamu, laini kwa wembe. Kwanza ulitoka Virginia na majimbo jirani ya Marekani. Ulipoanza kuwa haba, wenye viwanda wakaangalia kwingine, na miongoni mwa sehemu walizozipata ni milima ya Usambara. Huko Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, kampuni ya Wilkins & Wiese ilifungua kiwanda cha mbao katikati ya msitu wa mwangati, ndugu wa mti ule wa Virginia. Tatizo lilikuwa kushusha mbao. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikajenga njia ya kamba za chuma kutoka juu mlimani hadi stesheni ya Mkumbara, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, mbao zikining'inia juu ya makorongo, kisha treni hadi Tanga na meli hadi Ujerumani. Vita vya Kwanza vikaikata biashara hiyo, lakini mwangati wa Kenya uliendelea kuuzwa kwa viwanda vya penseli chini ya Waingereza. Kwa hiyo penseli ya Ulaya iliyorudi Afrika na kuvushwa ziwa hili huenda ilikuwa imeota mlimani karibu na Lushoto. Seti nyingi za miaka ya karibuni zina mti mweupe, mwepesi, usio na harufu.

Kuna jambo moja linalowapotosha watu. Penseli za zamani mara nyingi zina utando mweupe kwenye ncha, na kwa unyevu wa ziwa letu mtu huona ukungu, akazianika juani au kuzitupa. Ni nta. Kiini cha penseli ya rangi hakichomwi tanuruni kama cha penseli nyeusi. Ni rangi, udongo mweupe na nta, na nta hupanda juu polepole. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Jua ndilo baya, maana linapausha rangi. Na ukikuta ya zambarau yenye maneno "copying", usiilambe kama walivyofanya makarani. Wino wake ni wa kemikali.

Seti pungufu iache pungufu. Wachuuzi hujazia nafasi kwa penseli za boksi jingine, na hapo tarehe zote hapo juu zinakosa maana.

Anayeanza leo na mfuko mwepesi asikimbilie Faber. Atafute seti za Kichina za miaka ya 1970. Sehemu ya gharama za ndani za kujenga reli ya Tazara ililipwa kwa kuuza bidhaa za China Tanzania na Zambia, na Kigoma iko ng'ambo tu. Zaire yenyewe ilifungua uhusiano wa kibalozi na Peking Novemba 1972. Tahajia hiyo ni dalili pia: kuanzia 1979 Wachina wenyewe waliandika Beijing katika maandishi yao kwa wageni. Seti hizo bado hazina wakusanyaji wengi, na bei yake ni ya sokoni, si ya mnada.