Dirisha la Kivinjari na Msimbo Unaoanzia Kwenye Seva

Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, ilizaliwa ndani ya kivinjari, yaani programu inayomfungulia mtumiaji kurasa za wavuti, na kwa miaka mingi waandishi wa programu waliichukulia lugha hiyo na kivinjari chake kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, lugha yenyewe inajua namba, maandishi, orodha na kanuni za kuvitumia. Dirisha la kivinjari halimo ndani yake. Dirisha hilo, ambalo katika msimbo huandikwa window, ni chombo ambacho kivinjari huikabidhi lugha ili kupitia kwake msimbo ujue upana wa eneo la ukurasa, usome anwani yake, ufikie maudhui yake, na utumie hifadhi ndogo ya data iitwayo localStorage. Zaidi ya hayo, mwandishi wa msimbo halazimiki kulitaja: akiandika location au document peke yake, kivinjari huelewa kwamba anavitafuta ndani ya dirisha, na kwa sababu hiyo wengi hulitumia kila siku bila kutambua kwamba wanalitegemea.

Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, programu inayoiwezesha JavaScript kufanya kazi nje ya kivinjari, hasa kwenye seva, na hapo ndipo utegemezi huo ulipoanza kuonekana. Viunzi vya kisasa, yaani programu zinazompa mjenzi wa tovuti mifupa iliyo tayari, kama vile Next.js iliyojengwa juu ya React, huandaa ukurasa kwanza kwenye seva ili msomaji auone mapema hata kabla msimbo wote haujafika kwenye simu yake, kisha msimbo uleule huendeshwa tena ndani ya kivinjari. Seva haina kioo cha kutazamwa wala mtu anayebofya, kwa hiyo haina dirisha. Msimbo unaoligusa mapema husimama papo hapo kwa kosa linaloeleza kwamba window haijafafanuliwa.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuuliza kwanza, kwa neno typeof, kama dirisha lipo, kwa kuwa JavaScript huruhusu aina ya jina lisilojulikana iulizwe bila kusababisha kosa. Swali hilo ni halali, lakini likiwekwa katikati ya msimbo unaochora ukurasa huleta tatizo lililofichika zaidi: seva huchora menyu ya kompyuta, kivinjari cha simu huchora menyu ya simu, na React, inapojaribu kuunganisha msimbo wake na ukurasa uliokwisha kuchorwa, hukuta michoro miwili isiyolingana. Njia iliyo salama ni kusubiri. React ina useEffect, Vue ina onMounted, na Angular ina afterNextRender, nazo zote huahirisha kazi iliyokabidhiwa mpaka ukurasa uwe umefika ndani ya kivinjari, mahali ambapo dirisha lipo bila shaka. Anayeliagiza dirisha limjulishe kila linapobadilika ukubwa anapaswa pia kuifuta amri hiyo sehemu husika ya ukurasa inapoondolewa, la sivyo amri hizo hulimbikizana na kumbukumbu ya kifaa hutumika bure.

Maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu baadhi yake hugusa dirisha mara tu zinapopakiwa, kabla ya kuitwa kufanya lolote. Hizo hazina budi kupakiwa baada ya ukurasa kufika kwenye kivinjari. Ama menyu inayobadilika kulingana na upana wa kioo, mara nyingi haihitaji dirisha hata kidogo: CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, huweza kuupima upana huo yenyewe, na mjenzi aitumie hiyo kwanza kabla ya kuandika mstari wowote wa JavaScript.