Unanunua pikipiki iliyotumika? Ioshe kwanza kabla hujatoa hela

Kwa mwalimu au muuguzi anayelala Kiabakari na kufanya kazi vijijini, pikipiki hupimwa na masika. Kwenye lami ya Mwanza hadi Sirari karibu kila chombo kinakwenda. Shida inaanza ukiacha lami: udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanasa tairi, maji yanakatiza njia, na pikipiki ikizima hapo, kazini unafika umechelewa na umejaa matope.

Mpya ni ghali, kwa hiyo wengi hununua iliyotumika kwa mtu. Nyingi kati ya hizo zimepiga boda, na boda inachosha chombo haraka. Pikipiki ikitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inamaliza kilomita 30,000 ndani ya mwaka mmoja. Na mita ya kilomita si ya kuaminika, waya wake ukikatika namba zinabaki palepale. Afadhali kutazama raba za kukanyagia na pedeli ya gia. Zikiwa zimelika huku mita ikionyesha kilomita chache, hapo kuna jambo.

Hivi ndivyo vya kukagua, kwa mpangilio huu.

1. Iwashwe ikiwa ya baridi

Mnunuzi afike asubuhi bila kumpa muuzaji nafasi ya kuipasha moto. Kwanza aguse injini kwa mkono. Ikiwa tayari ina joto, aulize kwa nini. Pikipiki nzima huwaka kwa kiki chache.

Kisha atazame moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaopotea ni mvuke tu. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka, na hapo injini inaelekea kufunguliwa. Mweusi ni mafuta kuzidi, kwa kawaida ni kazi ya kabureta au chujio la hewa lililoziba.

2. Oili isiwe kama chai ya maziwa

Kabla ya kuwasha, oili ikaguliwe. Ikiwa nyeusi, imechelewa kubadilishwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Pikipiki iliyozama mtoni inaweza kupigwa rangi ikang'aa, lakini oili haijui kuficha siri.

3. Ioshwe, halafu iwashwe tena

Hili wengi hawalifanyi. Injini ikishapoa, mnunuzi alipie pikipiki ioshwe yeye mwenyewe akiwepo. Hela ya kuosha ni ndogo kuliko hasara ya kubebeshwa mzigo mbovu.

Kuosha kunafanya kazi mbili. Kwanza, matope na grisi vikitoka, uvujaji wa oili unaonekana, na nyufa za fremu pia. Sehemu ya kukodolea macho ni chini ya siti na kwenye keria, maana ndipo magunia ya mahindi yanapokaa. Fremu iliyochomelewa upya hapo imebeba kuliko uwezo wake.

Pili, maji yanaiga masika. Kofia ya plagi ikiwa na ufa au waya ukiwa umechubuka, pikipiki itakataa kuwaka au itakwendakwenda kwa kukohoa. Bora ikohoe mbele ya muuzaji kuliko katikati ya mbuga.

4. Breki, tairi na cheni

Breki za ngoma zikiingiwa maji hupungua nguvu. Baada ya kuosha, zijaribiwe taratibu sehemu ya wazi. Zikirudi baada ya kukanyagwa mara kadhaa, sawa. Zisiporudi, breki shuu zimekwisha.

Tairi lenye kashata zilizolika linateleza kwenye matope hata kwa dereva mzoefu. Nafasi kati ya tairi na madigadi nayo itazamwe, ikiwa finyu matope yatajaa na gurudumu litagoma.

Cheni ivutwe kutoka nyuma ya sproketi. Ikiinuka hadi nusu ya jino ikaonekana, imekwisha. Meno yaliyochongoka kama msumeno yanamaanisha kununua sproketi na cheni kwa pamoja.

5. Ipandishwe kilima na mtu nyuma

Muuzaji akae nyuma, pikipiki ipande mlima. Injini ikilia kwa nguvu huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia zisiruke, na usukani usicheze.

6. Kadi kabla ya hela

Hapa ndipo watu wanalia. Pikipiki nyingi za boda ni za mkataba: dereva analipa kidogokidogo, kadi iko kwa mwenye mali mpaka deni liishe. Kadi nyingine zimewekwa dhamana ya mkopo. Dereva anaweza kuuza kitu ambacho bado si chake, na mwenyewe akija mnunuzi hubaki na funguo tu.

Kwa hiyo "kadi nitakuletea kesho" ni jibu la kuondokea. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba za chesisi na injini zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Namba zilizokwanguliwa ni sababu ya kuondoka.

Madeni ya faini huangaliwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa polisi wa usalama barabarani kwa namba ya usajili, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Hela itolewe kwa maandishi mbele ya mashahidi, kisha umiliki uhamishwe TRA. Mnunuzi na muuzaji wote wawe na TIN.

Na aina gani?

Boxer, TVS, SanLG, kila mtu na timu yake. Kwa mtu wa Kiabakari swali zuri ni hili: fundi wa hapo jirani anaijua, na spea zake zipo dukani leo? Pikipiki nzuri inayosubiri spea kutoka Mwanza inakulaza nyumbani sawa na mbovu.

Fundi huyo achaguliwe na mnunuzi mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji.