Fundi wa ampli katika mji wa shaba

Malori yenye kathodi, yaani mabamba ya shaba safi, huondoka Kolwezi, nchini Kongo, yakishika njia ya Lubumbashi na Kasumbalesa, kuelekea bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Shaba kama hiyo hurudi mjini ikiwa waya mwembamba uliozungushwa ndani ya transfoma za amplifaya. Lakini si kila transfoma inayo. Fundi akikwangua kwa wembe waya wa transfoma ya bei rahisi, chini ya rangi nyekundu huweza kukuta weupe wa alumini, ambayo upitishaji wake wa umeme ni takriban asilimia 60 tu ya ule wa shaba.

Amplifaya, au ampli kama inavyoitwa kwa mkato, ni chombo cha kuingiza pesa. Inatumika kanisani, baa, harusini na matangani, na mwenye kukodisha muziki hupoteza kazi nzima ya mwisho wa wiki ikinyamaza Ijumaa. Wakongo nao wana historia ndefu ya kuunda sauti kwa mikono yao: kundi la Konono No. 1 la Kinshasa lilijulikana duniani kwa likembe, ala za kuchezwa kwa vidole gumba, zilizopazwa kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari.

Kinachowaletea mafundi wa Kolwezi kazi nyingi ni umeme wenyewe. Karibu na mji kuna mitambo ya Nzilo na Nseke, iliyojengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950. Mji huo pia ndio kikomo cha njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mpaka leo migodi ndiyo walaji wakubwa. Mitaani umeme hukatwa kwa zamu, ndiyo delestaji, na ukirudi huweza kuja dhaifu au kuja na nguvu za ziada.

Nguvu hizo za ziada zina hesabu yake. Chukua ampli iliyoundwa kwa volti 220, ambayo ndani yake hufanya kazi kwa volti 55 kila upande. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 260, zile 55 huwa 65. Kapasita zilizoandikwa volti 63 huanza kuvimba vichwa, na transista huchoka pamoja nazo. Ongeza hapo mwenye sherehe aliyeunganisha bafle, yaani maboksi ya spika, nne za omu 8 kwa sambamba ili mtaa mzima usikie: ampli ya omu 4 sasa inavutwa na omu 2.

Fundi anayeijua kazi haanzi kwa kuiwasha. Fyuzi ikiwa imekatika, mwenye haraka hufunga kipande cha waya mahali pake, na huko ndiko kuizika ampli. Mzoefu huunganisha globu ya wati 100, ile ya kizamani yenye uzi, kwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Globu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na globu ndiyo imepokea umeme ambao ungeunguza vipuri vipya.

Kisha hupima kwa multimeta: transista za kutolea sauti moja baada ya nyingine, rezista za omu 0.22 zilizo pembeni yake, na transista ndogo zinazozisukuma. Transista kubwa haifi peke yake mara nyingi. Anayebadilisha hiyo tu huiona mpya ikiungua kabla wimbo haujaisha. Kabla ya spika kuunganishwa, tundu lake hupimwa umeme wa moja kwa moja, kama ule wa betri. Ukizidi sehemu ya kumi ya volti, kazi haijaisha.

Gharama kubwa hujificha kwenye kipuri bandia. Jozi ya Toshiba 2SC5200 na 2SA1943, inayopendwa sana kwenye ampli, imeundwa kuhimili ampea 15 na wati 150 kila moja. Nakala zake hubeba maandishi yale yale, lakini kipande cha silikoni kilichomo huwa kidogo mno. Hupita kwenye multimeta bila kosa, kisha hupasuka sauti ikipanda. Kwa hiyo transista halisi iliyong'olewa kwenye ampli iliyokufa huweza kuwa na thamani zaidi kuliko mpya ya sokoni, na mizoga ya ampli kwenye rafu ya fundi ni akiba yake, haifai kuitwa takataka.

Biashara hii inaumia hapa: ustadi uko katika kupima, ila bei hufuata kipuri. Saa tatu za kutafuta kosa mteja hazioni. Transista ikirudi imeungua kwa kuwa ilikuwa bandia, ni fundi anayeibadilisha kwa pesa yake, si aliyeiuza. Mafundi wangefaidika kutoza ada ya uchunguzi kando, kama zahanati inavyotoza ya maabara, hata pale mteja anapoamua kutotengeneza.

Kazi ikimalizika, ampli huachwa ipige muziki saa nzima kwa nusu ya sauti, huku fundi akigusa chuma cha kupoza mara kwa mara. Mwenyewe akifika huonyeshwa transista mbili zilizoungua, zikiwa kwenye kiganja, na majadiliano ya bei huanzia hapo.